Salamu za Kupimia Chungu

Niliolewa Endasak nikiwa na uongo mmoja mdomoni: kwamba najua kupika pombe. Mama mkwe aliniuliza siku ya tatu, mbele ya wageni, nami nikajibu ndiyo kama mtu aliyezaliwa ndani ya chungu. Ukweli ni kwamba baba yangu alikuwa fundi cherehani Katesh, na kwetu pombe tuliijua kwa kusikia jirani wakiimba.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye palizi ya maharage. Kule jembe la jirani haliji bila pombe. Unaalika watu, wanapalilia shamba lako lote, jioni wanakunywa. Mama mkwe alialika majembe ishirini kwa Jumamosi. Jumatano asubuhi akajifunga kitenge cha safari, akasema anakwenda Nangwa kumwona dada yake anayeumwa, na kwamba pombe ni yangu.

"Ikiharibika," alisema, "nitakurudisha kwa mama yako ukafundishwe upya."

Hakuwa anatania, au mimi sikuona utani wowote. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na bibi harusi aliyerudishwa kwao mwaka uliopita kwa kuharibu pombe, akiwa na kibuyu kitupu mkononi, na kila aliyekutana naye njiani alikitazama kibuyu kwanza.

Kabla ya kuondoka mama mkwe alinieleza kazi kwa haraka, kama anayemkumbusha mtu anayejua. Uji mzito wa mtama unauchemsha, unaumimina kwenye chungu kikubwa cha udongo, unausubiri upoe kidogo, ndipo unakoroga kimea, yaani ulezi ulioota, ukakaushwa na kusagwa. Kimea kikikuta uji wa moto sana kinakufa, na uji unabaki uji. Ukipoa sana, unachacha kabla ya kuwa mtamu. Kwa hiyo joto lazima litunzwe hadi alasiri; ukishakuwa mtamu, unaachwa uchache wenyewe hadi Jumamosi uwe pombe. Chungu, kikiwa tayari na uji aliouchemsha alfajiri, kilikaa kwenye shimo lililojazwa mabua ya ngano. Mume wangu, dereva wa trekta kwenye shamba la ngano la serikali, alikuwa ameyaleta kwa tela baada ya mavuno. Aliwahi kuniambia huko wana kijiti cha kioo cha kupimia joto la ngano ghalani. Nilimbembeleza aniazimie. Akasema vitu vya serikali havitoki bila sahihi, na sahihi yangu haimo kwenye daftari lao.

Mama mkwe hakuhitaji kioo. Kipimo chake kilikuwa kiwiko na salamu. Unaweka kiwiko kwenye ubavu wa chungu, unaanza kusalimia kana kwamba mzee yuko mbele yako: shikamoo, habari za nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua. Ukikitoa kwenye shikamoo, ni moto mno. Ukikitoa kwenye ng'ombe, ndiyo yenyewe. Ukifika kwenye mvua bado umetulia, umechelewa, ongeza maji ya moto. Mimi nikaitikia kwa kichwa kama fundi mwenzake.

Alipokunja kona nikaweka kiwiko. Shikamoo-habari-za-nyumbani-watoto-hawajambo-ng'ombe, nikakitoa. Ndiyo yenyewe! Nilifurahi mno, nikajiona nimezaliwa na kipaji. Nikashika bakuli la kimea.

Hapo mlangoni akasimama baba mkubwa wa mume wangu, mzee mrefu mwenye blanketi begani, akisema amekuja kuazima panga. Nikaona aibu kukutwa nimesimama na bakuli kama mwizi wa unga, nikarudisha kiwiko kwenye chungu kujifanya ninapima.

"Shikamoo, baba."

Akaegemeza fimbo ukutani. Akalipanga blanketi. Akakohoa.

"Marahaba," akasema. "Nyumbani kwenu Katesh mmeamkaje?"

Nilikuwa bado kwenye neno "salama" kiwiko kilipoungua. Nilikivuta nikapiga kelele, kimea kidogo kikamwagika, na mzee akanitazama bila kushangaa hata kidogo. Ndipo nilipoelewa. Mimi nilikuwa nimepima kwa salamu za dukani, zile unazomrushia mteja huku unakata uzi. Chungu cha Endasak kilitaka salamu za Endasak.

Nikaomba asiondoke. Akasema panga linaweza kusubiri, akaketi juu ya kigoda, nikampa chai. Kila baada ya muda niliweka kiwiko na kumsalimia upya, na kila mara aliweka kikombe chini, akajinyoosha, akaitikia kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Kiwiko kilipofika kwenye ng'ombe ndipo kilipoungua, nikakoroga kimea; baadaye, kila nilipofika kwenye mvua bila kuungua, niliongeza maji ya moto na kukifunika chungu tena kwa mabua. Kufikia alasiri nilijua ng'ombe wake yupi ana jicho bovu na yupi anapiga teke. Nikaonja uji. Ulikuwa mtamu, na nilicheka peke yangu kama mjinga. Mzee akaenda zake, bila panga.

Jumamosi maharage yalipaliliwa hadi mwisho wa shamba. Mzee akapewa kibuyu cha kwanza, akanywa taratibu, kisha akawaambia watu kwamba mjini kuna heshima, kwa sababu binti huyu alimsalimia mara kumi na moja kwa siku moja. Wakacheka, wakidhani uzee umemwingia. Mimi nikainama kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Mama mkwe, aliyerudi Ijumaa jioni, akainama karibu yangu.

"Nilimwambia asitoke mpaka uji uwe mtamu," akasema.

"Mama, kumbe ulijua?"

"Salamu zako nilizisikia siku ya kwanza. Hazipimi hata chai."

Nilitaka kucheka, nikalia. Yeye akasema ni moshi, akaendelea kugawa pombe.

Jumapili, baada ya kanisa, nilipelekwa kwa mama yangu kweli, na kibuyu mkononi. Kilikuwa kimejaa hadi shingoni. Mama mkwe alitangulia mbele yangu njia nzima hadi Katesh, akimsalimia kila tuliyekutana naye, habari za watoto, ng'ombe na mvua, nami nyuma yake nikirudia polepole.