Papa wa Makala Aomba Kubeba Gunia

Juma hili, kwenye biro, ofisi ya michezo, karani alikuwa anaandika majina ya watakaoshindana kwa baiskeli mpaka juu ya mulima wa njia ya Bendera. Papa mumoja, muzee anayeteremusha kule kwa baiskeli magunia ya makala ya kupikia tangu nywele zake zikiwa nyeusi, akaomba aandikwe.

“Lakini niruhusu gunia moja. Bila muzigo baiskeli inayumba.”

Vijana wenye kaputula za kubana wakacheka mpaka wakashikana mabega.

“Papa, hii ni mbio, si soko,” karani akasema, akaweka kalamu chini.

“Basi nitaliacha. Ila nyinyi, kwenye ule mulima munashukia wapi kusukuma baiskeli?”

Kicheko kikakatika. Kati ya vijana hakuna aliyewahi kuupanda. Karani akamuandika wa kwanza.

Mimi ninayewaandikia haya, siku ya mbio nitakaa kule juu nione nani atafika. Huku chini kila mutu ni bingwa.