Suti ya Kwendea Geneva

Mwaisha binti Mohamedi alikuwa fundi cherehani wa Magomeni, Mtwara, na nguo aliyoshona hairudishwi. Mwanzoni mwa 1974, Erasto, ofisa wa wapigania uhuru kutoka ng'ambo ya Ruvuma, alimpelekea kitambaa cha terilini.

"Dada Mwaisha, nimealikwa Geneva. Nishonee suti ya mkutanoni."

"Mkutano wa nini?"

"Wa sheria za vita. Tunataka mpiganaji wetu akikamatwa ahesabiwe mwanajeshi, siyo jambazi."

Mwaisha aliacha kukanyaga cherehani. Mdogo wake, Jumanne, alikamatwa huko ng'ambo akipigana amevaa shati la kulimia. Wareno walisema asiye na sare si mateka wa vita; ni mhalifu tu, watamfanya watakavyo.

"Basi hii siikosei," alisema.

Wakubwa wote aliowahi kuwaona wakienda mikutanoni walivaa suti ya Kaunda, mikono mifupi, shingo wazi. Akashona hiyo, mishono imenyooka kama reli. Erasto aliichukua ikiwa imefungwa gazetini, akaja kuifungua Geneva, mwezi wa Februari, theluji imejaa barabarani.

Mwanzoni mwa Aprili alirudi, moja kwa moja hadi kibarazani.

"We mwanamke! Wareno wamenikosa miaka kumi, wewe nusura uniue kwa mikono mifupi!"

"Sweta hukuwa nalo? Haya, walikuona?"

"Nilivyotetemeka vile, nani asingeniona?"

"Na Jumanne?"

Erasto akaketi. Mataifa makubwa, alieleza, yalianza kwa kusema sheria haibadilishwi kwa hasira za wanyonge. Lakini nchi zilizopata uhuru juzijuzi zilikuwa nyingi. Zilizungukia wajumbe mmoja mmoja, na marafiki wa Wareno wakaona haya kubaki peke yao. Wapigania uhuru wakapewa viti. Kamati ikakubali kwamba vita vya kuung'oa ukoloni ni vita kamili. Sheria yenyewe bado.

"Tutaendelea mwakani."

"Mwakani! Na huko jela watamngoja?"



Mwisho wa mwezi huo wanajeshi wa Ureno, waliochoshwa na vita, waliipindua serikali yao wenyewe. Milango ya jela ikaanza kufunguliwa. Adhuhuri moja ya Juni, Jumanne alipanda kibarazani, amekonda, anacheka. Mwaisha alipiga vigelegele mpaka watu wa Chuno, mtaa wa pili, wakasikia.

"Umerudi, na wakubwa wa Geneva bado wanabishana kama wewe ni mwanajeshi!"

"Waache wabishane," alisema Jumanne. "Umepika nini?"