Shati la Mtoto wa Mwenzake

Belo la mitumba likikatwa kamba hutoa harufu ambayo ni vigumu kumweleza aliyekulia kwingine. Ni harufu ya dawa ya wadudu, sabuni za watu wengine na joto la nguo zilizobanwa miezi mingi ndani ya kontena. Nikipita sokoni Nakuru na harufu hiyo ikinipata, husimama kwanza. Wauzaji hudhani nimependa kitu, wananiita "siste" na kunitandazia suruali. Hawajui kwamba mimi nimesharudi kuwa msichana wa miaka kumi na minne, na mama yangu amepiga magoti mbele ya belo, ameshika shati ambalo raia wa Kenya hana ruhusa hata ya kulikunja.

Niwarudishe nyuma kidogo. Tuliishi Bondeni, mama, mimi na Bibi, mama mzaa baba, aliyeletwa Nakuru kutoka Mombasa na mume wake mfanyakazi wa reli. Alikaa huku miaka hamsini na bado alizungumza kama mtu aliyekuja kutembea tu. Baba alikuwa amefariki. Kaka yangu Idrisa alishinda ile bahati nasibu ya green card ya kuhamia Marekani, akaenda Texas, na kabla hata hatujazoea kitanda chake kitupu, ndege zikayapiga yale majengo mawili ya New York.

Tuliyaona yakianguka kwenye televisheni ya jirani. Nilikuwa na miaka minane, na kwangu Marekani ilikuwa mji mmoja, kwa hiyo Idrisa alikuwa ndani ya ule moshi. Mama alijua jiografia kunishinda, lakini naye alianza kulia. Bibi akamshika mkono.

"Usimchurie mwanao," alisema. "Mtu yu hai, wamlilia kwa nini?"

Uchuro, kwa asiyeujua, ni mkosi unaoitwa na mdomo au macho ya mtu. Ukimlilia aliye hai, Bibi alisema, unayaonyesha mauti njia ya kwake. Tangu siku ile, kumlilia Idrisa kukawa marufuku nyumbani kwetu. Mama alitii. Mama alikuwa mtu wa kutii mpaka mwili unamuuma.

Mengine ya Marekani yalitufikia vipande vipande kwa simu. Idrisa alisema jina lake sasa husomwa mara mbili kila anapoomba kazi. Akasema vita vimeanza Iraki. Akasema ghala alimofanya kazi limepunguza watu. Kisha siku moja, kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa ya jambo alilokwisha kulifanya, akasema amejiunga na jeshi lao. Atapata uraia haraka, na watamlipia chuo.

"Kwani wao hawana watoto?" mama aliuliza. Laini ikakatika, au Idrisa akaikata.

Bondeni haikunyamaza. Wengine walisema anakwenda kuwaua Waislamu wenzake, wengine walitaka kujua mshahara ni ngapi, na wapo waliosema yote mawili kwa pumzi moja. Wanawake waliokuwa wakimpokea mama msikitini kwa vicheko wakaanza kumsalimia kwa haraka, kama watu walioacha sufuria motoni. "Mchuma janga hula na wa kwao," Bibi alisema, akachukua tasbihi yake. Mimi nilikuwa na hasira na kila mtu, hata na tasbihi.

Idrisa alipopelekwa Iraki, mama akawa hatoki kwenye kibanda chake cha mitumba mpaka giza liingie. Ndipo tukafungua lile belo la mashati ya wanaume. Katikati, kati ya shati la kazi na koti la mvua, likatokea shati gumu la rangi ya vumbi yenye mabaka, na kifuani limeshonwa utepe wa jina: MILLER. Mama alilisoma Mila.

Mama Shiru, aliyeuza viatu kando yetu, alisogea haraka akalifunika kwa leso yake. "Mama Idrisa, hiyo ni jungle ya majeshi. Choma hiyo kitu. Karao akiona utalala ndani, na hii watoto utaachia nani?"

Alisema kweli, polisi wakimkuta raia na sare ya jeshi humfunga. Mama alijua sheria kuliko yeye. Mavazi ya jeshi yalikuwa yakija kwenye mabelo na wote waliyachoma. Lakini alilisukuma lile shati ndani ya buibui lake, akaniachia kibanda, akaenda nyumbani.

Nilipofika nilimkuta ameshalifua peke yake kwenye karai, hakulichanganya na nguo nyingine. Lilipokauka alilipiga pasi ya makaa, akalitundika nyuma ya mlango wa chumbani. Sasa mjue kwamba Bibi aliita mitumba kwa jina la zamani, kafa Ulaya, nami niliamini neno kwa neno kwamba kila nguo ya belo ni ya maiti. Kwa hiyo nilijua Mila amekufa. Nadhani mama naye alijua hivyo hivyo.

Alasiri moja baada ya sala nilimsikia. Alikuwa ameketi kitandani, shati mapajani, analia, na si kilio cha kujizuia.

"Mila, mwanangu. Mama yako ameambiwa? Nani alikuwa nawe?"

Bibi akaja na mkongojo wake. Nilijua sasa yatatoka maneno.

"Wamlilia nani?" aliuliza.

"Mila," mama alisema. "Mtoto wa mwenzangu."

Bibi aliugusa utepe wa jina kwa kidole. "Huyo hatumjui," alisema. "Huyo mlilie." Akaketi kando yake, na yule mwanamke aliyetukataza machozi miaka yote akaufunika uso kwa upindo wa mtandio, akalia naye.

Iliniudhi vibaya. Kaka yangu yuko vitani, hajaliliwa hata chozi moja, na hawa wawili wanammwagia Mzungu waliyemtoa kwenye belo. Tangu hapo kila wiki ilikuwa ni Mila. Mama alimwombea dua kabla ya chakula. Nilikula nikiwa nimenuna.

Kisha Januari iliyofuata Nakuru yenyewe ikawaka. Uchaguzi wetu uliharibika, nyumba zikachomwa, watu wakafuatwa kwa majina yao ya pili, yale yanayotaja kabila. Tulilala uani mwa msikiti pamoja na Mama Shiru na watoto wake, waliokuja na viatu vya kuuza mifukoni. Mama alibeba mfuko wenye dawa za Bibi, vitambulisho, na chini kabisa, shati. Nilipoliona nilitamani kulitupa chooni.

Hapo ndipo simu ilipolia. Idrisa alikuwa akipiga kutoka huko huko Iraki. Walikuwa wameona Nakuru kwenye televisheni ya kantini.

"Mama, mko hai?"

Mama aliangalia simu kama imemtania. "Wewe ndiye uliye vitani," alisema. "Wewe ndiye unatuuliza?"

"Niambie tu, mko hai?"

"Tuko hai, baba. Tuko hai."

Nilikuwa nimesogeza sikio kwenye simu, nikamsikia kaka yangu, mwanamume mwenye bunduki, analia. Mama hakulia. Alimwambia kwa ukali, "Nyamaza. Usituchurie." Ilipokatika alifungua mfuko, akalitoa shati, akalilia mpaka Mama Shiru akahamisha watoto.

Ilinichukua miaka kuelewa nilichokiona uani pale. Mama hakuwa na mahali pa kuyaweka machozi ya Idrisa, basi alikuwa ameyatafutia mtoto wa kuyabeba. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Mimi nilikuwa nikihesabu ni nani anapendwa.

Mwaka huohuo Marekani ikamchagua rais mwenye baba wa Kenya, nasi tukapewa sikukuu. Mji ulicheza. Mama aliuliza jambo moja tu, kama huyu atawarudisha watoto. Idrisa alipelekwa tena. Bibi alifariki akiwa hajamwona.

Idrisa alirudi nilipokuwa nimemaliza sekondari, amekonda, amemaliza jeshi lao. Aliliona shati mlangoni, akasoma utepe, akacheka kidogo.

"Mama, hizi hatufi nazo. Zikizeeka tunatupa tu. Huyu pengine yuko kwao anakunywa bia."

"Alhamdulillahi," mama alisema.

Kisha akamuuliza, "Na wewe umemaliza? Hawatakuita tena?"

"Nimemaliza, Mama."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Mama akamvuta, akakiweka kichwa chake mapajani pale pale sakafuni, akaanza kumlilia kwa jina lake, Idrisa, Idrisa, kwa sauti ya miaka yote ile. Majirani walikuja mbio wakijifunga leso, wakidhani kuna msiba. Nilisimama mlangoni nikawazuia. Niliwaambia hakuna aliyekufa, wamwache mama alie.