Fundi wa breki alisahau kamera inasikia

Wallahi leo nimeitwa sina adabu na mtu aliyechezea roho za wanangu!

Jana nilimwachia fundi mmoja wa Makadara gari anibadilishie breki. Leo asubuhi nafungua kamera ya gari, namsikia amwambia mwenzake: "Zipige msasa hizohizo kuukuu. Huyu mama atajuaje?"

Nikarudi gereji kwake. Nikaiweka ile sauti juu kabisa, mbele ya wateja wake.

Hata haya hakuona. "Dada, wanirekodi bila ruhusa? Huna adabu!"

Na mzee mmoja, mteja, akamuunga mkono: "Kweli mwanangu, si vizuri."

Nikafungua kinywa nimjibu.

Kisha mzee yuleyule akamgeukia fundi, akanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo wa gari langu."

Haya, semeni. Nani hana adabu?