Kinu cha Bibi Chini ya Injini

Harufu ya sombe, majani mabichi ya muhogo, ikitwangwa hunijia mpaka leo ikiwa imechanganyika na harufu ya oili ya gari. Msinicheke. Uani kwetu, mtaa wa Buyenzi, vitu hivyo viwili viliishi pamoja: upande mmoja Baba, fundi magari, na spana zake, upande wa pili mimi na kinu alichotuachia Bibi, mama yake Baba, alipohamia Gatumba, nje ya mji. Nilikuwa na miaka kumi, na kwa kutwanga sikuwa na mpinzani mtaani.

Ilikuwa miaka ya vita. Asubuhi moja ya kiangazi milio ya bunduki ilisikika upande wa Gatumba, na jirani yake Bibi aliyekimbia kutoka huko akatuambia kwamba bibi yetu amegoma kutoka nyumbani mpaka mwanawe aje kumchukua. Barabara ingefungwa saa kumi jioni. Madereva wote walikataa kwenda. Ilibaki pikapu yetu, nayo ilikuwa mgonjwa: raba inayobeba injini upande wa kushoto ilikuwa imechanika, injini imelala, feni inakwaruza rejeta. Ingeenda hivyo, ingemwaga maji yote njiani.

Kwa sababu ya vikwazo vya biashara nchi yetu ilivyowekewa, raba mpya haikupatikana mjini. Baba alikata kipande cha tairi la lori, akakitoboa. Hilo kwake lilikuwa jambo dogo. Taabu ilikuwa kuitoa ile ya zamani, maana ukifungua bolti zake lazima kitu kiibebe injini kwa chini, na jeki yetu ilivuja. Kila akiipandisha, ilishuka polepole kama mzee anayekaa mkekani. Mara ya tatu nusura imbane vidole. Niliogopa, lakini nilijua ninachokijua.

"Baba, tutie kinu."

Mama alishtuka. "Kinu ya Bibi? Apana! Ikipasuka tutamwambia nini?"

"Mama, mi natwanga mule kila siku. Iko na nguvu."

Baba alinitazama kidogo tu. "Leta."

Tulikigeuza kifudifudi, tukaweka ubao juu yake. Baba akapandisha jeki, nami nikakisukuma chini ya injini kabla haijashuka. Injini ikakaa. Bolti zilikuwa zimeshika kutu. Akazimwagia mafuta ya taa, akavuta spana huku akimtaja Mungu. Ya mwisho ilipoachia, raba ilidondoka vipande viwili na kinu kikalia, ka! Ufa ulishuka kutoka kitako hadi mdomo, lakini kilibeba mpaka raba ya tairi ikafungwa. Saa nane Baba aliondoka.

Saa kumi haijagonga, pikapu ikaingia. Bibi alishuka na kuku wake kwapani, na kabla ya salamu macho yake yakaangukia kinu.

"Nani alipasua kinu yangu?"

Alitugombeza mpaka magharibi. Mama aliomba msamaha huku akilia kwa furaha. Siku mbili baadaye nyumba ya Gatumba iliteketea yote.

Leo raba mpya zinauzwa Buyenzi zikiwa kwenye maboksi, na gereji zina minyororo ya kuinulia injini. Kazi ile huisha kabla chai haijapoa, na sioni wivu. Kinu kiko jikoni kwangu, kimefungwa waya, na wanangu hulalamika kwamba sombe inanuka oili. Nawaambia wale hivyo hivyo. Bibi alitwanga humo miaka tisa baada ya siku ile, akinigombeza kwa ule ufa kila siku ya Mungu, na kila siku nilimwitikia, "Ndiyo, Bibi," nikifurahi kwamba yupo wa kunigombeza.