Kigutu na Kisiki

Kitu cha kwanza kuonekana kwake kilikuwa soksi ya mtoto, ya bluu, iliyovishwa kigutu cha mkono wake wa kulia. Msumeno wa kiwanda cha mbao ulikula kiganja, na tangu hapo fundi akageuka mfagia maranda, jina lake likawa Kigutu.

Alitaka kitu kimoja tu, kurudi kwenye msumeno. Akamwendea msimamizi, kaka wa mkewe.

"Shemeji, wa kushoto mzima. Nijaribu tu."

Msimamizi akamwonyesha kisiki cha mwarobaini nyuma ya stoo. "Mti ukikatwa hubaki kisiki, nacho huchipua. Wewe umebaki kigutu. Haya, siku kile kikichipua, njoo uwashe msumeno."

Mafundi walicheka hadi wakashika mbavu. Yeye aliyapokea maneno yale kama ahadi ya muungwana, na kila asubuhi akabeba ndoo ya maji.

"Mtazameni, anamnywesha nduguye!"

Kila jioni, akishaondoka, shemeji yake alikimwagia kisiki oili chafu. Kigutu aliinusa, akadhani mashine inavuja. Siku moja alikwangua weusi ule kwa kisu, na chini ya gamba akaona kijani.

Akakimbia nyumbani. "Mama watoto, nifulie ovaroli yangu ya zamani. Wiki hii kinachipua!"

Mkewe alikwisha kusimuliwa na kaka yake habari ya oili, wakacheka pamoja. Akachukua sabuni, akaanza kufua. Kigutu akaketi mlangoni, akisubiri ovaroli ikauke.