Buti za Petro

Fundi viatu huyu watu walimwita Redio, na si kwa sababu alikuwa nayo. Ni mdomo wake ndio ulikuwa hauna pa kuzimia. Ukimpelekea kiatu kimefumuka pembeni, kabla hajashika sindano ameshakueleza kilishonwa vibaya wapi, mshonaji alikuwa na haraka gani, na kwamba ungechelewa siku moja tu kingekufia barabarani, uzikwe nacho.

"Mimi nikishona kiatu," alikuwa anasema, misumari midogo kaibana midomoni, "mwenye kiatu anazeeka, kiatu kinabaki kijana."

"Na kile changu kilichofumuka juzi?" kinyozi wa kibanda cha pili anamchokoza.

"Kile kiatu ni kizima. Mguu wako ndio una roho mbaya."

Basi hapo watu wanacheka, na yeye anacheka kuliko wote, maana utani wake aliupenda sana kuliko hata sisi tuliokuwa tunasubiri viatu.

Shule aliachana nayo darasa la tatu, wakakubaliana pande zote mbili bila kugombana. Namba alizijua vizuri, tena upesi, kwa ajili ya saizi za viatu. Ila herufi! Herufi alizijua kama mtu anavyowajua ndugu wa mbali wa mkewe: mmoja mmoja sura anaitambua, lakini wakishakaa wengi pamoja hajui tena nani ni nani. Jambo hili hakumwambia mtu. Gazeti lililofungiwa viatu alilikunjua, akalitazama, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona habari mbaya, akalikunja. Na kanisani, kitabu cha nyimbo alikishika juu kabisa, na sauti akaitoa mpaka vioo vinatetemeka. Nani angemshuku?

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule. Walikaa chumba na sebule. Cherehani iko dirishani, vitambaa vya bluu vimerundikwa juu ya kiti, na mezani, mahali pake palepale, Biblia. Jalada la kwanza lilikwisha kuachia zamani, Redio akaishonea jingine kwa ngozi ya mkoba wa zamani na uzi wa viatu.

"Hii hata ikianguka mtoni," alijisifu, "inatoka kavu na samaki wameokoka."

Kila asubuhi, kabla ya kibanda na kabla ya cherehani, mkewe alifungua pale walipoishia jana akasoma kwa sauti, na Redio akapuliza jiko. Akimaliza, wananyamaza mpaka chai ichemke. Halafu kila mmoja anataja neno moja alilolichukua la kwenda nalo kazini. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba tangu walipooana. Mtoto alipougua walisoma. Paa lilipovuja walisoma, wamehamisha meza. Kuna asubuhi walikuwa wamenuniana, mama kampa mwenzake mgongo, anasoma kwa sauti ya mtu anayefokea paka, lakini anasoma.

"Mimi nikitoka bila Neno," mama huyo alikuwa anasema, "najiona kama nimevaa kiatu kimoja."

Neno la Redio, karibu kila siku, lilikuwa la viatu. Wakisoma Musa anaambiwa avue viatu mbele ya kile kichaka, anadakia: "Umeona? Mungu mwenyewe viatu aliviona." Wakisoma yule kijana mpotevu karudi nyumbani akavishwa viatu, anasema: "Fundi wake hawakumtaja tu, lakini alikuwepo." Mkewe anacheka, anasema, "Haya, nenda, mtume wa soli." Na Redio anakwenda kibandani ameshiba. Alidhani ni chai.

Halafu macho ya mama yakaanza kukorofisha. Kwanza akawa anamwita mumewe amtungie uzi. Baadaye akashona shati la mtoto, mfuko akauweka ndani badala ya nje. Asubuhi moja akaifungua Biblia, akaisogeza puani, akaenda nayo dirishani, akarudi, akaifunga.

"Leo kurasa zote ni maziwa," akasema.

Hospitali wakasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, anatibika kwa upasuaji, ila kuna foleni, asubiri aitwe. Binti yao, muuza duka la dawa, akaja mbio.

"Mama, usihangaike. Nakuwekea Biblia kwenye simu. Inasoma yenyewe, wewe unasikiliza tu."

Mama alikuwa anataka kuitikia. Redio ndiye aliyeingilia, maana huyu bwana alikuwa haoni shimo bila kuruka ndani.

"Simu? Simu isome nyumba hii na mimi nipo? Mwanangu, baba yako akisoma, malaika wanavuta viti!"

"Kweli baba?" binti akauliza. "Mbona sijawahi kukusikia?"

"Mama yako hanipi nafasi. Leo nafasi imepatikana."

Mama akageuza uso kwenye sauti ya mumewe. "Sawa," akasema. "Atanisomea baba yako."

Asubuhi ikafika, kama zinavyofika. Redio kakaa mezani, miwani puani, Biblia kaifungua katikati. Herufi zikamtazama, ndugu wa mkewe wote wamekuja siku moja. Akakohoa. Akakohoa tena. Mkewe, aliye kwenye jiko sasa, anapuliza kwa kupapasa, akasema, "Kikohozi hicho kipo sura ya ngapi?"

Basi Redio akafumba macho akaanza. "Siku ile... Petro akamwona Yesu anatembea juu ya maji. Akasema, Bwana, na mimi naja. Akashuka kwenye chombo, akakanyaga maji, chwa, chwa, chwa, na buti zake..."

"Buti?"

"Buti."

"Buti gani?"

"Za mpira," akasema Redio. "Yale ni maji, mama."

Chai ikachemka. Kisha mkewe akasema, taratibu kabisa, "Mimi leo nimechukua neno buti."

Redio akatoka pale anajipongeza. Kumbe kazi yenyewe ndiyo hii! Kesho yake akamsomea Goliathi, mguu saizi sitini. Siku nyingine Yona, ndani ya samaki, katoka salama ila ndara moja imebaki tumboni. Mama anasikiliza, chai inachemka, neno linatajwa, maisha yanaendelea.

Ila hadithi za kichwani ni kama gundi ya kopo: unaona imejaa, kumbe unakwangua. Zikaanza kumwishia.

"Nuhu tena?" mama akauliza siku moja.

"Mvua zilikuwa nyingi," Redio akajibu.

Na kulikuwa na jambo jingine, baya zaidi, ambalo hakulitegemea. Alianza kuwa mchungu. Mteja akimuuliza kiatu kitakuwa tayari lini, anafoka. Aligonga msumari ukapinda, akautukana msumari. Kinyozi akaja akasimama mlangoni, kitana mkononi.

"Jirani, siku hizi umekuwaje? Zamani ulikuwa unatusumbua kwa maneno, tukakuzoea. Sasa unatusumbua kwa kununa, na hatukujiandaa."

"Niache."

"Shemeji mzima?"

"Mzima. Nimesema niache."

Kinyozi akaondoka. Redio akabaki kashika kiatu cha mtu, hakishoni. Ndipo ikamjia. Miaka yote ile kila asubuhi alitoka nyumbani akiwa na maneno ambayo hakuyatunga yeye. Yalimtuliza, yalimkemea, mengine hakuyapenda, lakini alitoka nayo. Sasa kila asubuhi anasikia maneno ya Redio, na akifika kibandani anakutana na Redio, jioni anarudi na Redio. Na nikwambie, mtu yule ukikaa naye peke yake kutwa nzima anachosha. Hata yeye alichoka naye. Akamfikiria mkewe pale gizani, anayesubiri mkate, na yeye anampa buti.

Alitaka kusema. Kila asubuhi alifika na maneno mdomoni kama ile misumari, na kila asubuhi akayabana.

Siku hospitali walipoita, mama hakulala vizuri. Asubuhi alikaa kwenye kiti cha cherehani, kavaa gauni lake la kanisani, mikono kaikunja juu ya mapaja. Binti alikuwa njiani kuja kuwachukua. Jiko Redio kaliwasha mapema. Mkewe akamwita.

"Baba."

"Naam."

"Mimi naogopa. Wataniweka kwenye kile chumba, wataniambia nisitikisike, na kisu kiko machoni. Leo nataka Neno."

"Nitakusomea, mama."

"Usinisomee habari zako. Leo nisomee za Mungu."

Redio akashika ukingo wa meza.

"Ulijua?"

"Kitabu hiki nimekisoma mpaka jalada likaachia, nisijue kama Petro alikuwa na buti?" Akatabasamu kidogo. "Na macho yamekufa, masikio hayajafa. Tangu uanze kunisomea, sijasikia ukurasa unageuzwa hata siku moja."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nilikuwa nasubiri uchoke."

Redio akasema tu, kwa sauti ya mtoto wa darasa la tatu, "Mama watoto, mimi hizi herufi zikiwa nyingi zinanishinda."

"Najua. Nimeolewa nawe miaka yote hii, gazeti unalitikisia kichwa limepinduka. Njoo ukae hapa. Fungua Matendo ya Mitume, pale penye utepe. Sura ya kumi na mbili. Namba si unazijua?"

"Kumi na mbili ni kiatu cha mtoto mdogo," akasema Redio, na sauti ikaanza kurudi.

"Petro yuko gerezani. Anza hapo. Polepole. Hatumkimbizi mtu."

Akaanza. Jamani, ile haikuwa kusoma, ilikuwa kulima. Kidole chini ya neno, jasho kwenye pua. Anashika silabi moja, anaivuta, anaibana na mwenzake kama anavyobana soli na ngozi, anasubiri zishike, ndipo anakwenda ya pili. Ma-la-i-ka. Malaika! Anarudia neno zima kwa furaha, kama kampata mtu aliyepotea. Mkewe hamsaidii. Kakaa tu, uso kauinua. Gerezani kukaingia mwanga. Minyororo ikaanguka mikononi mwa Petro. Chai ikachemka, ikamwagika, ikazima makaa, hakuna aliyeinuka.

Kisha kidole kikafika mahali kikasimama. Redio akasogeza uso karibu. Akavua miwani, akaivaa.

"Vi... a... tu," akasema.

Akatazama tena.

"Mama! Malaika anamwambia Petro avae viatu vyake!"

"Ndiyo."

"Viatu! Vimo humu! Mtu yuko gerezani, anatolewa na malaika, na malaika anasimama kwanza, anasema vaa viatu!"

Mkewe sasa alikuwa anacheka kabisa, machozi yanatoka kwenye yale macho ya maziwa. "Kila mara nikipasoma hapo ulikuwa unapigana na moshi wa jiko, hukusikia. Nikasema ipo siku atapafikia mwenyewe, avione kwa macho yake."

Redio akaliwekea kidole tena lile neno. Buti zote zile alizozitunga, saizi sitini, ndara za Yona, na kumbe viatu vya kweli vilikuwa vinamsubiri humo, vizuri kuliko vyake vyote, na mkewe alikuwa anamtunzia. Ndipo binti akapiga hodi, na mama akasimama.

"Nimechukua neno langu," akasema. "Mwanga. Wewe?"

"Unauliza? Nipe ndara zako nikuvishe."

Akainama akamvisha, wakaenda.

Hospitali Redio alikalishwa kwenye benchi la korido, Biblia yake ya ngozi magotini, akaendelea kulima. Petro kafika kwenye nyumba ya ndugu, anabisha, na yule msichana aliyekwenda kumsikiliza akafurahi mpaka akakimbia ndani bila kumfungulia. Redio alipolielewa hilo alicheka korido nzima ikageuka.

"Mzee, hapa ni hospitali," muuguzi akasema.

"Samahani, dada. Wamemwacha mlangoni!"

"Nani? Nikamfungulie?"

"Petro," Redio akasema, na muuguzi akaenda zake anatikisa kichwa.

Kesho yake walipofungua bendeji, mama alifumba jicho, akalifumbua, akalizungusha chumbani: ukuta, dirisha, kofia ya daktari. Likatua kwa mumewe likakaa hapo muda mrefu.

"Mbona umezeeka hivi?" akauliza.

"Nilikuwa nakusubiri," Redio akajibu, na hapo ndipo alipolia, yeye mwenye maneno yote yale, akajifuta kwa mkono ulionuka gundi.

Jicho la pili nalo likafuata likapona. Uzi mama akawa anautunga mwenyewe, na mifuko ikarudi nje ya mashati. Kinyozi naye akarudishiwa matusi yake ya kirafiki, akashukuru kwa kumnyoa jirani yake ndevu. Na asubuhi ya kwanza mama aliporuhusiwa kusoma tena, Redio akamsogezea mkewe Biblia, akaenda zake kwenye jiko kama zamani.

Mama akaivuta, akapapasa lile jalada la ngozi. Akafungua, akatazama herufi zote zimesimama wima, nyeusi, kila moja mahali pake. Kisha akairudisha upande wa pili wa meza.

"Acha jiko, baba. Njoo. Uliishia wapi?"

"Si unaona sasa, mama? Nikisoma mimi tutafika adhuhuri."

"Tutafika. Nina macho ya kutazama anayenisomea. Njoo."

Akaja, kajifuta mkaa kwenye suruali, kakaa. Akasoma mistari miwili, jasho likamtoka, akapumzika.

"Neno langu la leo ni asante," akasema.

"Hilo hujalisoma hapo."

"Limo humu. Sijalifikia tu," akasema Redio, akalowesha kidole, akageuza ukurasa.